Kadi Ilizaliwa Kulipia Kitanda

"Mnachukua kadi?"

Hilo swali nililiuliza mara saba katika wiki moja ya Novemba 2024. Nililiuliza nikiwa nimesimama kwenye kaunta, nikaliuliza kwa simu nikiwa ndani ya matatu, nikamuuliza hata soja mmoja wa geti, maana masoja wa hospitali huwa wanajua mengi kuliko watu wa mapokezi. Mgonjwa alikuwa mathe. Mgongo ulimwanza Julai, na kufikia Oktoba mguu wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi akisimama kibandani zaidi ya nusu saa. Mama mboga asiyeweza kusimama ni kibanda kilichofungwa. Daktari alimpapasa, akamgonga goti na kile kinyundo chao kidogo, akaandika kwenye karatasi: MRI ya mgongo. Tukiwa mlangoni akaongeza maneno ambayo siku hiyo sikuyatilia maanani: "Hakikisheni mmepata na ripoti."

Mahali pa kwanza niliambiwa kadi ya zamani ilikufa na mpya bado hawajaunganishwa. Pa pili walikuwa wanachukua, lakini sistimu ilikuwa imeanguka tangu asubuhi, tujaribu kesho. Kesho yake ilikuwa bado imeanguka. Pa tatu ilikuwa pesa taslimu, 22,000, na dada wa kaunta alitaja hiyo bei bila kuinua macho. Pa nne ndipo nilipopewa jibu lililonipeleka kwenye makala hii: "Kadi itashughulikia picha. Kusomewa ni pesa yako."

Kusomewa? Mimi nilidhani ukishapigwa picha, umepigwa. Mashine si ndiyo inasema?

Mathe alikuwa amelipa 500 kila mwezi tangu 2016. Kila ujumbe wa M-Pesa ameuhifadhi. Simu yake imejaa mpaka haiwezi kupokea picha za harusi za watu. Aliniangalia tukiwa stejini akauliza, "Sasa mimi nilikuwa nalipia nini miaka hii yote?"

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma historia, karo ikagoma, na sikurudi. Kitu kimoja nilichotoka nacho ni ile tabia ya kuuliza: hii ilianza lini, na ilianzishwa kwa ajili ya nani? Kwa hivyo usiku, mathe akiwa amelala chali kwenye mkeka kwa sababu godoro lilikuwa linamuumiza, nilikaa na simu na bando la usiku, nikaanza kutafuta jibu la swali lake.

*

Tuanze na picha yenyewe. Novemba 8, 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, profesa wa fizikia aitwaye Wilhelm Röntgen alikuwa kwenye maabara yenye giza akicheza na mirija ya umeme. Akaona kitu kimoja upande wa pili wa chumba kinang'aa wakati hakikupaswa kung'aa. Kulikuwa na miale isiyoonekana na macho inayopita vitu. Kwa vile hakujua ni nini, aliipa herufi ambayo wanahisabati hutumia kwa kitu kisichojulikana: X. Disemba 22 alimwita mke wake, Anna Bertha, akamwekea mkono juu ya bamba la picha. Ukatoka mkono wa mifupa, na pete inaning'inia kwenye kidole kisicho na nyama.

Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia ya kwanza kabisa, 1901. Lakini alikataa kuimiliki miale yake kisheria. Alitaka yeyote aitumie bila kumlipa. Kwa hivyo picha hii ilizaliwa bure. Bili ilikuja baadaye.

Ilifika Afrika haraka kuliko unavyodhani. Mwaka 1898, jeshi la Uingereza likipigana Sudan kandokando ya Mto Nile, daktari wa jeshi aitwaye John Battersby alienda na mashine ya eksirei mpaka jangwani. Umeme hakukuwa. Wakachukua baiskeli ya watu wawili, wakaifunga kwenye dainamo, askari wakawa wanakanyaga ili betri zijae. Halafu Battersby anapiga picha, na anatafuta risasi ilikokwama ndani ya mwili.

Hicho kisa kimenikaa kichwani kwa sababu kazi zote tatu zinaonekana wazi: kuna anayeipa mashine nguvu, kuna anayepiga, na kuna anayesoma. Baada ya miaka zaidi ya 120 kazi bado ni hizo hizo. Anayekuambia "vuta pumzi, shikilia, usitingishike" ni mtaalamu aliyesomea kuendesha mashine. Anayeiangalia picha na kusema "hiki ni kivuli tu, lakini hiki kingine sikipendi" ni mtu mwingine kabisa: ni daktari kamili aliyerudi darasani miaka mingine kujifunza kusoma picha peke yake. Mtaalamu wa radiolojia. Huyo wagonjwa wengi hawamwoni kamwe. Anakaa chumba cha nyuma chenye mwanga hafifu, ama siku hizi yuko mji mwingine kabisa na picha zinamfikia kwa intaneti.

Nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Ukitafuta hospitali inayochukua kadi, unatafuta vitu viwili bila kujua: mashine inayochukua kadi, na macho yanayochukua kadi.

*

Sasa kadi.

Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza 1901 ikiwa na vitanda 40, ikiitwa hospitali ya raia wenyeji. Wazungu walikuwa na zao. Ile tunayoiita leo Nairobi Hospital ilifunguliwa 1954 kama hospitali ya Wazungu. Ulitibiwa kulingana na rangi yako. Uhuru ulipokuja, serikali ilitangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, na 1965 ikafuta ada ya shilingi tano ambayo wagonjwa wa kutwa walikuwa wanalipa kwenye hospitali za umma.

Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha NHIF. Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Wengi wetu tumekua tukidhani ile H ni ya afya. Sivyo. Ilikuwa ya hospitali: Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali. Aliyekuwa anapata mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Ukilazwa, hazina inalipa kiasi fulani kwa kila siku uliyolala. Usipolala, hazina haikujui.

Ukiangalia ni nani aliyekuwa anapata 1,000 mwaka wa 1966, utaelewa. Ni karani, mwalimu mkuu, ofisa wa serikali, yule Mwafrika mpya aliyehamia nyumba ambazo jana alikuwa haruhusiwi kupita. Kadi ilimwezesha kulala kwenye kitanda cha hospitali ambayo zamani isingemfungulia mlango. Wakati huo lilikuwa jambo kubwa, silidharau. Mama mboga hakuwa kwenye hiyo hesabu. Mlango wake ulifunguliwa 1972, sheria iliporekebishwa ili hata wasioajiriwa wajiunge kwa hiari. Lakini alikuta nyumba imeshajengwa, na ilikuwa imejengwa kuzunguka kitanda.

Wakati huo huo huko nje, dunia ilikuwa inajifunza kuona upya. Oktoba 1971, kwenye hospitali moja London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ile tunayoiita CT skani, inayoukata mwili vipande kwa picha bila kisu. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Nobel pamoja na Allan Cormack. Huyu Cormack ni mzaliwa wa Johannesburg, na wazo lake lilianzia Cape Town, 1956, alipokuwa anashikilia kwa muda kazi ya mwanafizikia wa Hospitali ya Groote Schuur. Kwa hivyo sehemu ya hesabu za hiyo mashine ilianzia huku kwetu kusini. MRI ikafuata, na haitumii miale ya Röntgen hata kidogo. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Ndiyo maana wanakuvua mpaka hereni.

Tiba ikawa inahama kutoka kitandani kwenda kwenye picha. Ugonjwa unaonekana kabla haujakulaza. Lakini kadi yetu ilibaki pale pale, ikingoja ulazwe.

Na watu si wajinga. Kadi ikisema lala, watu walilala. Dada yake mkubwa mathe alilazwa usiku mbili akiwa anatembea vizuri tu, anajipeleka choo, anapiga stori na wadi nzima, ili kadi ikubali kuchangia vipimo. Aliwachekesha wote. Picha ikapigwa. Kuisoma kulichukua muda, karatasi ikakaa mahali, faili ikahama, na majibu yalipofika uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Alikufa 2009. Mathe hajawahi kumlaumu daktari yeyote. Husema tu, "Picha ilikuwepo. Hakuna aliyeiangalia."

Ndiyo sababu 2024 mathe hakuwa anaogopa mgongo. Alikuwa anaogopa bahasha.

*

Mwisho wa 1989 serikali ilirudisha malipo kwenye hospitali za umma. Ikaitwa kugawana gharama. Ilisimamishwa kwa muda mwaka uliofuata kisha ikarudi. Wazazi wetu wanakumbuka: ghafla kila kitu kina risiti, kadi ya kuingilia, glavu, eksirei. Unatumwa dirisha la pesa kwanza, halafu ndiyo mlango wa picha. Kizazi chetu kilizaliwa kikakuta hivyo, tukadhani ndivyo hospitali zilivyoumbwa.

Kulikuwa na nafasi ya kubadilisha. Disemba 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote, uliosukumwa na Charity Ngilu, waziri wa afya wa wakati huo. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Hoja ilikuwa gharama. Nilikuwa mtoto mdogo wa kunyonya kidole. Mathe alikuwa na kibanda tayari.

Halafu 2015. Huo mwaka una mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanaeleza Novemba yangu yote. La kwanza, NHIF ilipandisha malipo. Waliokuwa wanakatwa kati ya 30 na 320 sasa wakawa wanakatwa kati ya 150 na 1,700, na wa hiari kama mathe 500. Badala yake kadi ikafunguka: mgonjwa wa kutwa akaanza kuhudumiwa, na baadaye hata picha kubwa kama CT na MRI zikalipiwa, mradi upate idhini kwanza. Hatimaye hukuhitaji kulala ili uonekane.

La pili, serikali kuu ilitia sahihi mkataba wa kukodisha vifaa vya hospitali, mwanzo ukitajwa kuwa wa shilingi bilioni 38. Hospitali 98: mbili kwa kila kaunti, na nne za kitaifa. Vilikuwemo vifaa vya upasuaji, vya kusafisha damu, vya wagonjwa mahututi, na vya picha: eksirei za kidijitali, ultrasound, za matiti. Kwenye magazeti ilipendeza. Kisha Seneti ikaanza kuuliza maswali, ikaunda kamati maalum, na yaliyotoka ni yale ambayo wauguzi walikuwa wanasema kitambo. Kuna mashine zilikaa bila kazi kwa sababu chumba hakikuwa tayari, ama umeme hautoshi, ama hakuna mtu wa kuziendesha na kusoma kinachotoka.

Tulinunua baiskeli ya Battersby tukasahau Battersby mwenyewe.

Na si ajabu. Mashine unaweza kukata utepe mbele yake. Daktari wa kusoma picha ni kijana unayemlipia masomo miaka mingi, halafu umlipe vizuri asiende kwingine, na hakuna siku utaita waandishi wa habari waje wampige picha akiwa kwenye giza anaangalia skrini. Kadi nayo inaelewa vitu vinavyohesabika: kitanda kimoja, siku moja, picha moja. Dakika ishirini za mtu anayefikiri ni ngumu kuziwekea bei.

*

Sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema inakiuka katiba. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Oktoba 1, 2024, NHIF ikazikwa na SHA ikaanza kazi. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali kuhusu maisha yake ili mtambo ukadirie uwezo wake, kisha alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Mathe nilimsajili mwenyewe kwa *147#. Baadaye tukaulizwa paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, tunapikia nini. Mathe akasema, "Waambie paa ni la landlodi." Alizoea kulipa kama anavyouza, kidogo kidogo. Mwaka mzima mara moja ulikuwa mlima. Chama chake kikamkopesha.

Sisemi mfumo mpya ni mbaya kuliko ule wa zamani. Kwenye karatasi, huu ndio wa kwanza unaoanza na zahanati badala ya wadi. Ninachosema ni kwamba wiki ile, kadi moja ikiwa imekufa na nyingine haijajifunza kutembea, wagonjwa hawakuambiwa wasubiri kuugua.

Mahali pa saba palikuwa hospitali ya umma, na walikubali. Kabla sijasherehekea, nikakumbuka yule daktari mlangoni. Nikauliza, "Sista, na ripoti? Nani anasoma, na kadi inamlipia?" Yule muuguzi akatabasamu kama mtu aliyeulizwa jina lake baada ya siku nzima ya kuitwa "wewe". Akasema inalipiwa, lakini foleni ni ndefu. Daktari wa picha ni mmoja na ana siku zake. Mathe akasema tungoje. Angalau tulijua tunangoja nini.

Kama una mzazi wa kupeleka, uliza hayo maswali mawili, kwa mpangilio huo, kabla hujapanda nduthi. Mashine inachukua kadi? Msomaji anachukua kadi, na anasoma lini? Jibu la kwanza likiwa ndiyo na la pili likiwa kimya, bado hujapata hospitali.

Picha ilipigwa mwanzoni mwa Disemba. Tulipewa bahasha kubwa ya kaki na sidii. Mathe alikataa isifunguliwe nyumbani, akaiweka juu ya kabati, na kwa siku kumi na tisa hakuna aliyetaja kabati. Usiku mmoja niliishusha nikaiinua mbele ya balbu. Niliona kitu kama mandazi ya mraba yaliyopangwa wima, na kivuli katikati. Nikaingia intaneti, nikajitisha, nikarudisha bahasha. Miaka miwili ya chuo haikusaidia, na hata minne isingesaidia. Kuona si kusoma.

Ripoti ilitoka siku tatu kabla ya Krismasi. Ukurasa mmoja. Daktari wa kwanza, yule wa kinyundo, aliipitia akatuambia: kuna kisahani kati ya mfupa wa nne na wa tano wa kiuno kimetokeza, kinabana mshipa wa neva unaoenda mguuni. Mazoezi, dawa, asibebe magunia. Hakuna uvimbe.

"Nani amesema hakuna?" mathe akauliza.

Daktari akamwonyesha sahihi chini ya ukurasa.

"Huyu yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa, mama. Anasomea chumba cha nyuma. Anakuja Jumanne na Ijumaa."

Ijumaa hiyo mathe aliamka mapema, akanituma na maparachichi manne, yale makubwa ya kuuza bei, kwenye karatasi ya hudhurungi. Nilifika mapokezi nikaeleza ni ya nani. Dada wa pale alicheka, akasema huyo daktari hajawahi kutembelewa na mgonjwa, kisha akayaweka chini ya kaunta kandokando ya simu yake iliyokuwa kwa chaja. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa amemshikilia babu yake kwa mkono, karatasi mkononi. Alikuwa anangoja niondoke ili aulize.

"Samahani, madam," akasema. "Mnachukua kadi?"